Mlima, Ebola na hoja zinazotupoteza njia mjini Goma

Kila ardhi inapotikisika Goma, simu hutangulia. Kabla ya OVG, kituo kinachochunguza volkano zetu, kusema lolote, tayari kuna audio inayosambaa kutoka Birere hadi Ndosho: mlima Nyiragongo utalipuka kesho, Ziwa Kivu litapasuka, wakubwa wameshahamisha familia zao usiku. Wengine wanafunga mizigo. Wengine wanasema hayo ni maneno ya watu wanaotafuta pesa. Ukisimama kwenye foleni ya maji na kuwasikiliza wote, utaona kwamba hawapatani kwa lolote, ila namna yao ya kufikiri ni moja. Huyu anaamini kwa sababu mbovu, yule anakataa kwa sababu mbovu vilevile.

Katika mji kama huu, tofauti kati ya sababu nzuri na sababu mbovu ni jambo la uhai. Basi tuifungue taratibu.

Mtu anayetaka kukushawishi anakupa vitu viwili. Kuna dai, yaani kile anachotaka ukubali, na kuna sababu, yaani kile anachokuonyesha ili ukubali. Viwili hivyo pamoja ndiyo hoja. Ifikirie chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, inayoshuka kutoka Kibumba na makaa: dai ni mzigo, sababu ni mbao zinazoubeba. Mbao zinaweza kuwa ngumu kabisa, lakini kama hazikupigiliwa pamoja, mzigo utaanguka kwenye mteremko wa kwanza. Kosa la hoja ndilo hilo. Sababu inaweza kuwa ya kweli tupu, na bado isibebe dai lililopakiwa juu yake.

Hapo ndipo tunaponaswa wengi. Tunasikia jambo la kweli, tunatikisa kichwa kukubali, na kichwa kikiwa bado kinatikisika tunameza na lile la pili ambalo halijathibitishwa.

"Ile haiko ugonjwa, ni biashara"

Hakuna sentensi iliyozunguka Kivu ya Kaskazini kama hii kati ya mwaka 2018 na 2020. Mlipuko wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukaingia hadi Ituri, ukatangazwa kwisha Juni 2020. Watu 3,470 walihesabiwa kuwa wameugua, na 2,287 kati yao walifariki. Wakati huohuo watu waliona magari mapya, nyumba zikipangishwa kwa dola nyingi, posho zikigawanywa kwa huyu na si kwa yule. Waliona pia kwamba Beni ilikuwa imezika watu waliouawa usiku kwa miaka mingi, na misafara ile haikuja kwa ajili yao. Malaria ilikuwa inaua watoto kila msimu, na haikuletewa helikopta.

Kwa hiyo hasira ilikuwa na msingi, na mtu yeyote anayeieleza kama ujinga wa wanakijiji hakuielewa. Lakini tazama hoja yenyewe. Sababu: kuna watu waliotajirika kwa Ebola. Dai: Ebola haikuwepo. Sababu ni ya kweli. Dai ni la uongo. Kati yao hakuna msumari hata mmoja. Duka la dawa linapata faida kwa malaria na malaria ipo. Fundi wa majeneza anaishi kwa vifo na vifo vipo. Swali la nani anakula pesa ni zuri, tena linapaswa kuulizwa kwa sauti kubwa, ila linajibiwa kwa vitabu vya hesabu. Swali la kama kuna kirusi linajibiwa kwa damu kupimwa. Ukijibu la pili kwa ushahidi wa la kwanza, umehama kutoka jambo hadi mtu anayelisema.

Kosa hili la kumpiga msemaji badala ya kupima neno lake lina ndugu wengi: "huyo ni mtu wa serikali," "huyo hakusoma," "huyo ni wa kabila fulani, unategemea aseme nini?" Je, basi tabia ya msemaji haina uzito wowote? Ina uzito mahali pamoja. Mtu akikuambia "niamini, mimi niliona," anakuomba utegemee uaminifu wake, na hapo una haki ya kuuliza kama ni mwaminifu. Lakini akikuonyesha kitu ambacho wewe mwenyewe, au mwingine yeyote, mnaweza kukikagua, basi hata akiwa mwizi, kitu kinabaki vilevile. Mji ambao umedanganywa mara nyingi una haki ya kutomwamini mtu haraka. Kutoamini ni sababu ya kukagua zaidi. Hakuwezi kuchukua nafasi ya ukaguzi.

Kilichofuata na kilichosababishwa

"Aliingia kule kwenye kituo cha matibabu akitembea kwa miguu yake, akatolewa maiti." Maneno haya yalisemwa Beni, Butembo na Mangina, na mara nyingi yalikuwa kweli kama yalivyo. Watu walihitimisha kwamba kituo ndicho kinachoua.

Akili yetu hupenda sana hesabu ya namna hii: kwanza A, kisha B, basi A imeleta B. Wakati mwingine inapatia. Ukila uyoga wa porini na kutapika, una sababu ya kuushuku ule uyoga. Lakini kufuatana peke yake hakutoshi, na njia ya kujua ni kuuliza swali ambalo karibu kila mara husahauliwa: na wale ambao hawakuingia, wao walipata nini? Ebola ilikuwa inaua walio wengi wa wagonjwa popote walipokuwa, nyumbani au kituoni. Tena kwa sababu ya woga, familia nyingi zilimficha mgonjwa hadi siku ambayo mwili ulikuwa umeshindwa. Mtu anayefikishwa siku hiyo ana nafasi ndogo. Anafariki kituoni, watu wanaona, woga unaongezeka, na mgonjwa anayefuata anafichwa kwa muda mrefu zaidi. Kosa la hoja lilizaa vifo, na vifo hivyo vikageuzwa kuwa ushahidi wake.

Sasa ona jinsi swali lilelile lilivyojibiwa vizuri. Kuanzia Novemba 2018, katika vituo hivyohivyo, dawa nne zililinganishwa kwa kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, bila kuchagua nani apewe ipi. Mmoja wa viongozi wa kazi hiyo alikuwa profesa wetu Jean-Jacques Muyembe, wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoko Kinshasa. Kufikia Agosti 2019 mbili kati ya dawa hizo zilikuwa zimejitenga waziwazi na nyingine, na moja ya hizo mbili ilitokana na kinga ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Kwa waliopewa dawa hizo kirusi kikiwa bado kichache mwilini, karibu tisa kati ya kumi walipona. Hapo mtu anaweza kusema "kwa sababu ya," maana kulikuwa na kundi la kulinganisha nalo.

Hatari ambayo haikutokea

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo Goma inapojeruhiwa zaidi.

Julai 2019 Ebola ilifika mjini mwetu, na msafiri aliyetoka Butembo. Tuliambiwa mji wenye watu wengi hivi, unaopakana na Gisenyi ya Rwanda, uwanja wa ndege ukiwa katikati, unaweza kuwa janga. Tulinawa mikono kwenye kila mlango, tulipimwa joto kwenye Petite Barrière, kivuko cha mpakani, waliokutana na wagonjwa walitafutwa na kuchanjwa. Goma ikaishia na wagonjwa wanne. Mpaka leo kuna watu wanaosema: "Mliona? Walitutisha bure."

Miaka miwili baadaye, jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka. Lava ilishuka na kusimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Siku zilizofuata ardhi ilitikisika mfululizo, kuta zikapasuka, na vipimo vikaonyesha magma imejipenyeza chini ya mji na chini ya ziwa. Alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi aliamuru kartie, yaani mitaa, 10 kati ya 18 za mji zihamwe. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka: Sake, Rutshuru, Gisenyi, Bukavu kwa boti. Walilala shuleni, makanisani, kando ya barabara. Mlipuko wa pili haukutokea. Waliporudi, wengine walikuta nyumba zimeibiwa. Na neno likawa lilelile: walitudanganya.

Uchungu wa safari ile naujua vizuri, na sitaki kuupunguza hata kidogo. Lakini kupima uamuzi kwa kilichotokea baadaye ni kosa, hata kama uchungu ni wa haki. Uamuzi unapimwa kwa kile kilichojulikana wakati unafanywa. Aliyejifunga mkanda wa gari akafika Rutshuru salama hakudanganywa na mkanda. Na katika kisa cha Ebola kuna fundo lingine zaidi: kinga ikifanya kazi, hatari inatoweka, na kutoweka kwake kunatumiwa kusema kwamba hatari haikuwepo.

Kisha kuna upande wa pili, ambao ni lazima usemwe. Mlipuko wa tarehe 22 wenyewe ulikuja bila onyo kwa wakazi. Mwaka 2020 msaada wa Benki ya Dunia kwa OVG ulikuwa umekatika, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata intaneti ya kuunganisha vipimo vyake. Hilo ni lawama halali, na linahitaji watu wa kulijibu. Ila ona: halithibitishi kwamba onyo la tarehe 27 lilikuwa uongo. Mtu anaweza kushindwa Jumamosi na kuwa sahihi Alhamisi.

1977, 2002, 2021

Kuna hesabu inayopendwa sana kwenye meza za vijana. Nyiragongo ililipuka Januari 1977, ikalipuka tena Januari 2002, kisha Mei 2021. Miaka 25, halafu miaka 19. Basi wastani ni 22, na mlima utatuacha tulale hadi mwaka 2043 hivi.

Hesabu ni sahihi na hitimisho halina msingi. Kutoka nafasi mbili tu huwezi kupata mwendo wowote. Ungepewa nafasi mbili za miaka yoyote, ungepata wastani, na wastani huo usingejua lolote kuhusu magma. Mlima hauna kalenda ya miaka yetu. Una ziwa la lava linalojaa na kushuka, una nyufa kwenye mbavu zake, na una mitetemeko inayopimwa. Anayetaka kujua hali ya mlima aangalie hivyo.

Tabia ya kuona mfuatano na kuushikilia ilichunguzwa vizuri London mwaka 1960 na Peter Wason. Aliwapa watu namba tatu, 2, 4, 6, akawaambia zinafuata kanuni aliyonayo kichwani. Wao wapendekeze namba nyingine tatu, yeye aseme kama zinafuata kanuni au la, na wakiwa na uhakika waitaje kanuni. Jaribu mwenyewe kabla ya kuendelea kusoma. Walio wengi walifikiri "kuongeza mbili mbili," wakataja 8, 10, 12, wakaambiwa ndiyo. Wakataja 20, 22, 24, ndiyo. Wakatangaza kanuni yao kwa uhakika, wakakosea. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Hata 1, 7, 300 ingekubaliwa. Ili kugundua hilo, ulipaswa kutaja namba ambazo kwa wazo lako zingekataliwa. Wachache walifanya hivyo mapema.

Sisi nasi twafanya hivyohivyo na mbwa waliobweka usiku wa mlipuko. Tunawakumbuka. Usiku ambao mbwa walibweka na mlima ukanyamaza hatuukumbuki, na ndio ungetufundisha kitu.

Ziwa letu nalo limekuwa mhanga wa kufikiri kwa mfano mmoja. Tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos huko Kamerun lilitoa wingu la gesi ya kaboni dioksidi lililoua watu wapatao 1,700 usiku mmoja. Kivu nayo ina gesi chini: kilomita za ujazo takriban 300 za kaboni dioksidi na 60 za methane. Kutoka hapo mtu mmoja anasema: Nyos ilipasuka, kwa hiyo Kivu itapasuka. Mwingine anajibu: mwaka 2002 lava iliingia Kivu na ziwa halikufanya kitu, kwa hiyo haliwezi kamwe. Wote wawili wametoa mfano mmoja na kuufanya sheria. Kulinganisha kunafaa pale ambapo vitu vinafanana katika lile jambo linaloleta matokeo. Nyos ni ziwa dogo sana mbele ya Kivu. Gesi ya Kivu imeshikiliwa na uzito wa maji kwenye kina kinachopita mita 250, na wingi wake haujafikia kiwango cha kupasuka chenyewe. Lava ya 2002 haikufika kwenye kina hicho kwa nguvu ya kuvuruga maji. Ndiyo maana jibu la wachunguzi si "kesho" wala "kamwe": hatari ipo, leo ni ndogo, na ni lazima ipimwe daima.

Audio, na mgawanyo wa mbili

Kuhusu audio za simu nitasema machache. "Watu wote wanasema" huwa ni sauti moja iliyotumwa mara elfu. Ukipokea ujumbe uleule kutoka kwa shemeji, jirani na kundi la kanisa, bado una shahidi mmoja, pengine hata huyo hayupo. Na ukimwuliza mtumaji akakujibu "basi thibitisha kwamba si kweli," usikubali kubebeshwa. Aliyeleta dai ndiye mwenye kuleta sababu.

Lenye hatari kuliko yote ni lile la kugawa dunia vipande viwili: kama hauko upande wetu, uko na adui. Katika mji uliopita mikononi mwa vita kama huu, sentensi hiyo imeharibu familia. Mtu anaweza kuchukia uasi na pia kuchukia unyang'anyi wa askari. Anaweza kuikubali chanjo na kuuliza pesa zilikwenda wapi. Mara nyingi nafasi ya tatu ndiyo wanayoishi watu wengi, ila inanyimwa jina ili waogope kusimama hapo. Jamaa yake ni kosa la kuhesabu watu: mmoja wa kabila fulani ametenda ubaya, basi wote ni wabaya. Wa kabila lako akitenda ubaya uleule, unasema ni yeye na tabia yake. Kipimo ni kubadilisha majina. Kama hoja inakuwa nzuri au mbaya kulingana na jina la kabila lililowekwa ndani, hoja hiyo haikuwahi kuwa nzuri.

Watu hudhani haya ni makosa ya wasiosoma. Si kweli. Mtu aliyesoma sana anaweza kutetea wazo bovu kwa ustadi zaidi. Wengine hudhani anayekosea katika hoja anadanganya, wakati wengi wanasema kwa moyo safi. Kwa hiyo namna ya kuuliza ina maana kubwa. Kwa mzee wa avenue hutamwambia "hoja yako ni mbovu." Utasema, "Muzee, ile ulisikia kwa nani? Yeye aliona mwenyewe?" Kwa dada mkubwa utasema, "Yaya, kama ingekuwa uongo, tungejuaje?" Swali hili la pili ndilo lenye nguvu kuliko yote niyajuayo, maana linamwalika mtu kutafuta namba zake za kukataliwa.

Onyo moja kwa anayeanza kuona makosa haya kila mahali: sababu mbovu haigeuzi dai kuwa la uongo. Mfano wake tunao mlangoni. Wazee wa hapa walikataza kupita kwenye mabonde fulani alfajiri, hasa upande wa Bulengo na Lac Vert, wakisema pana mazuku, upepo mbaya wa mapepo unaoua. Kijana aliyesoma anasikia neno mapepo, anacheka, anapita. Sababu waliyoitoa haikuwa sahihi, lakini katazo lilikuwa sahihi kabisa. Pale ardhi inatoa kaboni dioksidi, gesi nzito kuliko hewa, inayotulia kwenye mashimo usiku ambapo hakuna upepo na kutawanyika jua linapopanda. Na yule anayesema "mimi nilipita juzi na sikufa" naye ametoa shahidi mmoja tu: mtu mzima, amesimama wima, saa nne asubuhi. Gesi hujaa kuanzia chini. Mahali hapohapo, saa kumi na mbili alfajiri, mbuzi anayekula majani anaanguka, na mtoto anayeinama kumshika anaanguka baada yake.